Mikisa Isiyo na Vitufe

Kila asubuhi mama alipiga pasi akiimba. Alikuwa dobi wa hoteli moja ndogo. Mashuka yaliletwa nyumbani kwetu yakiwa bado na unyevunyevu, yakarudi yamekunjwa kama barua. Alikuwa na utaratibu wake. Foronya zilipigwa kwa nyimbo za haraka, mashuka kwa zile za polepole, na makoti ya wapishi, yenye vifungo visumbufu, kwa kuvumisha wimbo puani tu bila maneno. Mimi nilikuwa jikoni nikinywa chai kabla ya kwenda kazini, na kwa kusikiliza tu nilijua amefika wapi na mimi nimechelewa kiasi gani.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye shuka. Alikuwa anapanda kuelekea kwenye kibwagizo, na katikati ya neno sauti ikakatika. Haikukwaruza, wala hakukohoa. Ilikatika kama umeme. Nikasubiri iendelee. Nilichosikia ni pasi ikipumua mvuke, kisha nikanusa kitambaa kinaungua.

Nilimkuta amesimama, mkono mmoja shingoni, mwingine bado kwenye pasi. Alifungua kinywa. Midomo ilisema "mwanangu", lakini hakuna kilichotoka.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka zake. Alimmulika mama, akauliza anafanya kazi gani. Nikajibu kwa niaba yake: dobi, na mwisho wa wiki mwimbaji katika bendi ya mjomba.

"Bendi ya vyombo gani?"

"Gitaa la solo, gitaa la besi, drams. Na yeye."

"Na akiimba, huwa anaisikia sauti yake mwenyewe?"

Nilikuwa nimekaa pembeni ya bendi ile mwisho wa wiki zote za ujana wangu na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Mama alitikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kwenda mwezini.

"Basi ndiyo hiyo," daktari akasema huku akivua glavu. "Anashindana na spika. Wiki mbili asitamke hata neno. Baada ya hapo aimbe, lakini kwa sauti yake ya kawaida. Akirudi kwenye kufoka, safari nyingine sauti haitarudi."

Mjomba alikuja jioni hiyo na mfuko wa machungwa. Ni kaka mkubwa wa mama, mkuu wa bendi na mpiga besi, mtu mnene wa mwili na wa maneno, ambaye akiingia sebuleni viti vinaonekana vidogo. Nilimweleza aliyosema daktari. Alisikiliza, akamenya chungwa, akacheka.

"Kuimba bila kupiga kelele ndiyo nini sasa? Hiyo si ni kunong'ona? Watu watalipa kiingilio waje kunong'onezwa?" Kisha akamgeukia mama, na hapo sauti yake ikawa laini kweli, maana anampenda. "Dada yangu, umetuimbia tangu huyu hajazaliwa. Hakuna anayekudai. Pumzika. Kuna binti mmoja wa saluni, ana koo kama la jogoo. Nitamjaribu."

Mama alimtazama. Alikuwa amekatazwa kusema, na ni mtu wa kufuata maagizo ya daktari. Alimtazama tu, mikono mapajani.

"Unaona?" mjomba akaniambia. "Mwenyewe kakubali."

Nilitaka kusema kitu. Lakini mimi si mtu wa kusema. Chuoni, nilikosomea umeme wa mawasiliano, wenzangu waliniita Bubu, na jina hilo sikulikataa kwa sababu kulikataa kungehitaji maneno. Nikitaka kusema jambo la moyoni, hutoka jambo la mitambo. Ndivyo ilivyotoka jioni ile pia.

"Mjomba, tatizo ni mikisa."

"Mikisa ina nini? Mikisa ile imekula chumvi nyingi kuliko wewe."

Ni kweli ilikuwa imeila. Mikisa ni kile chombo kinachokusanya sauti zote za bendi, kikazichanganya na kuzipeleka kwenye spika, na ya kwetu ilikuwa pana kama mlango, imejaa vitufe vya kusukuma juu na chini. Ilikaa mezani karibu na drams. Kila mwanamume wa bendi alikuwa na kitufe chake, akakiheshimu kama mswaki. Wimbo ukiwa umekolea, mpiga solo, ambaye sote tunamwita Kidole, akihisi hasikiki alipiga hatua mbili nyuma na kujisukuma juu kidogo. Mpiga drams, Radi, akimwona, naye alinyoosha mkono akajisukuma. Mjomba alikuwa wa mwisho, kwa utu uzima wake. Waliita jambo hilo kujipandisha, na lilikuwa na adabu zake: hugusi kitufe cha mwenzio, na hakuna aliyewahi kuonekana akijishusha. Ilipofika wimbo wa tatu wote watatu walikuwa wamegonga juu kabisa. Mama alikuwa mbele na maikrofoni, mgongo kwa meza, hawezi kuondoka katikati ya ubeti kwenda kujipandisha. Alipanda kwa koo.

Na mimi nilikaa kwenye kiti kando ya meza hiyo nikiitwa fundi mitambo. Kazi yangu hasa ilikuwa kukunja nyaya.

Wiki ile ya kwanza ya ukimya nilikwenda duka la vyombo vya muziki. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi vibaya. Niliona mkunjo wa mgongoni na nikamwonea huruma. Aliniwekea mikisa mbili ndogo za kubebeka mkononi. Moja ilikuwa ya bei ya kawaida. Nyingine ilikuwa ya bei ya pikipiki iliyotumika.

"Dada, nikwambie ukweli au nikuuzie?" akauliza.

"Ukweli."

"Bendi ya ukumbini, drams, magitaa, watu wanacheza? Chukua hii ya kawaida. Hiyo ghali ni ya watu wa studio na wenye majina. Kwenye makelele yenu hakuna atakayejua tofauti."

Niliomba maikrofoni na hedifoni. Kwanza nilichomeka kwenye ile ya kawaida, nikasema maneno mawili polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Sauti ilikuwa mbali. Nikaipandisha, na ilivyopanda ikaja na mvumo, kama mafuta yanayokaangiwa kitu chumba cha pili. Nikapandisha zaidi; mafuta yakachemka zaidi. Kisha nikahamia kwenye ile ghali. Nikasema maneno yaleyale, polepole vilevile, nikapandisha, nikapandisha tena, na hapakuwa na mafuta. Palikuwa na mimi tu, na kati ya neno na neno palikuwa kimya kabisa.

"Sikia na wewe," nikamwambia muuzaji.

Alivaa, akasikiliza, akakuna kidevu. "Sawa. Kama mwimbaji wenu anaimba kidogokidogo, hapo nakuelewa. Lakini nani anaimba kidogokidogo mbele ya drams?"

"Bado hayupo," nikasema. "Atakuwepo."

Nisiseme uongo: muuzaji hakukosea. Kwa mwimbaji mwenye koo la jogoo, ile ya kawaida ingetosha na chenji ikabaki. Ile ghali ilikuwa na mambo chungu nzima ambayo mpaka leo sijayagusa. Ila ilikuwa na mawili niliyoyahitaji. La kwanza ni ule ukimya wake. La pili niliona nilipoigeuza: lilikuwa kasha tupu la chuma, ukubwa wa boksi la viatu, lenye matundu ya kuchomeka nyaya na taa moja ya kijani. Halikuwa na kitufe cha kusukuma hata kimoja. Vyote vilikuwa kwenye simu ya anayeliendesha, na simu hiyo ingekuwa yangu.

Nilitoa akiba yangu ya kurudi chuoni. Mama alipoliona kasha mezani, na akaelewa limetoka wapi, alinifokea bila sauti. Alipiga meza ya pasi. Alinyooshea kasha kidole, akaninyooshea mimi, akazungusha kidole kando ya kichwa chake. Nikajua kila neno.

"Chuo hakihami, mama," nikasema.

Akageuka ukutani, mabega yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuwa na ujasiri wa kuzunguka upande wa pili kutazama.

Tulifanyia mazoezi kwenye karakana ya Radi, ambaye mchana ni seremala. Hapo palinukia gundi na mbao mpya, na drams zilikaa kati ya makabati yasiyo na milango. Siku mama aliporuhusiwa kuimba, nilifika mapema kabla ya wote, nikachomeka kila waya kwenye kasha jipya. Mikisa ya zamani sikuja nayo.

Kidole ndiye aliyegundua. Tulikuwa katikati ya wimbo wa kwanza. Alipiga hatua zake mbili za nyuma, mkono ukashuka kama kawaida, ukapapasa, ukagonga chuma. Akatazama. Akainua kasha, akaangalia chini yake. Muziki ukafa.

"Vitufe viko wapi?"

"Kwenye simu yangu," nikasema.

"Simu yako?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi nikitaka kupanda?"

"Uniombe."

Radi aliangua kicheko mpaka akaangusha kijiti. Mjomba hakucheka. Alivua gitaa, akaja, akaligonga kasha kwa kucha.

"Mpwa wangu, umeuziwa kopo. Pesa yote hiyo, halafu hata kitufe hawajakuwekea? Walikuona unatoka chuo, wakajua huyu hana macho. Rudisha mikisa yetu."

"Ipo nyumbani, mjomba."

"Kailete."

Nilishika simu kwa mikono miwili. "Siendi kuileta," nikasema. "Tupige wimbo mmoja na hii. Mmoja tu. Ukikataa, utakataa baada ya kusikia."

Nadhani alikubali kwa mshangao tu, kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikisema sentensi nne mfululizo. Nilimvalisha mama visikilizi viwili vidogo masikioni, vilivyounganishwa na kasha, na kwenye simu nikampa sauti yake mwenyewe juu na besi kidogo chini yake. Wale watatu niliwashusha. Kila mmoja nilimpa kiasi chake, na hakuna aliyeweza kuja kubishana na kasha.

Mama aliimba kwa sauti ileile ya kwenye foronya. Kwenye spika ilitoka nzima, pana, na drams zikiwa nyuma yake kama mtu aliyepisha njia. Alipofika kwenye kibwagizo akasimama ghafla, akakunja uso. Nikaogopa koo limeuma.

"Kumbe hapa huwa napinda," akasema.

"Wapi?" mjomba akauliza.

"Hapa, ninapopanda. Sifiki. Miaka yote hii napinda, na ninyi mnaninyamazia tu?"

Wakatazamana. Radi ndiye aliyejibu, taratibu, vijiti mapajani. "Shemeji, tulikuwa hatukusikii."

Hakuna aliyecheka. Mama alirudia ile sehemu mara tatu, akainyoosha. Kidole naye akaanza kulalamika kwamba anasikika hadi anapokosea. "Rudisheni kelele jamani," akasema, "zilikuwa zinatusitiri." Mjomba alivaa tena gitaa lake, akapiga mpaka mwisho, na hakusema lolote kuhusu mikisa ya zamani. Nikadhani nimeshinda.

Jumamosi tuliitwa kiwanda cha sabuni, kuwaaga wafanyakazi wanaostaafu. Ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wao wa kulia, wenye meza za bati na madirisha marefu, na hewa yote ilinukia mashuka safi. Niliweka kasha kando ya spika, nyaya zilipofika, nikaenda kukaa mwisho kabisa wa ukumbi, kati ya wafagizi, simu mkononi, nisikie wanachosikia watu.

Nilichosikia ni vijiko. Watu walikuwa wanakula, mama anaimba, na nilivisikia vijiko na kila neno lake kwa pamoja, kila kimoja mahali pake. Kwenye wimbo wa pili vijiko vilianza kupungua. Mwanamke mmoja kati ya wale wanaoagwa, mwenye ua la karatasi kifuani, aliacha kutafuna na shavu likiwa limejaa. Hakuna aliyekuja kuniambia mikisa yenu ni nzuri. Nani ataisifu? Hata hawakujua ipo. Mara moja nilimwona Kidole akirudi nyuma hatua mbili kwa mazoea, akakuta sakafu tupu, akajikuna kisogo na kurudi mbele.

Mama aliimba nusu nzima bila kushika shingo.

Wakati wa mapumziko tulikutana chumba cha nyuma, kati ya makreti ya soda na ndoo za kudekia. Mama alipewa glasi ya maji ya uvuguvugu. Mjomba aliingia akifuta jasho, uso umemchanua.

"Mpwa wangu, nilikosea. Nasema mbele ya wote, nilikosea. Kile kikopo ni dhahabu. Leo ndiyo nimesikia bendi yangu." Akanipiga bega kwa furaha, karibu anitoe pumzi. Kisha akafungua mlango na kumvuta mtu kwa mkono.

Alikuwa binti wa saluni. Alivaa gauni la kung'aa, nywele zimesukwa vizuri mno, na macho yake yalikuwa yanatafuta pa kujificha. Nilimwelewa papo hapo. Ni mwoga mwenzangu.

"Mvalishe huyu vile vidude vya masikioni," mjomba akasema. "Nusu ya pili ni yake. Dada kafanya kazi nzuri, watu wamemsikia, tumemaliza kwa heshima. Sasa apumzike, na hiki kikopo kitamlea huyu mtoto."

"Dada, mimi nimeitwa tu," binti akaninong'oneza. "Sikujua kama…"

"Huna kosa," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mjomba, na kama kawaida yangu ikatoka mitambo. "Mjomba, nimeipima kwa sauti ya mama. Njia ya kwanza, ya maikrofoni yake, nimeipandisha sana, na visikilizi nimevi…"

"Ipime upya. Si uko na simu?"

"Siyo hivyo tu, mjomba, ile…"

"Dakika kumi zinakutosha. Wewe ni msomi."

Alikuwa ameshaanza kunipa mgongo. Niliutazama mgongo ule mpana, shati limelowa, na nikaona kwamba nikimaliza habari za njia ya kwanza na ya pili, atakuwa ameshafika ukumbini na mama yangu atakuwa amebaki hapa na ndoo.

"Hapana," nikasema.

Akageuka. Chupa ya Kidole ilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Sikuinunua kwa ajili ya bendi," nikasema. "Nimeinunua ili mama yangu aimbe bila kuumia. Hilo tu. Bendi imefaidika kwa bahati. Mtu mwenye koo la jogoo haihitaji, mjomba, atumie ile ya zamani, mjipandishe wote mpaka darini. Lakini mama akishuka, nachomoa waya mmojammoja, naweka kasha kwapani, naondoka nalo."

"Unanitishia mimi?" Alisema polepole. "Mbele za watu? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, mjomba. Shikamoo. Lakini nyaya nitachomoa."

Radi alikohoa, akatazama ndoo. Mjomba akamgeukia mama kama mtu anayekimbilia mahakama ya juu.

"Dada, umemsikia mwanao? Mwambie basi. Mwambie wewe mwenyewe kwamba tulishaelewana, unapumzika."

Sote tukamtazama mama. Mimi pia nilimtazama kwa hofu, kwa sababu ghafla niliona kwamba hata mimi sikuwa nimemuuliza. Nilinunua, nikachomeka, nikagombana. Yote hayo kwa kusoma uso wa mtu aliyekatazwa kusema. Na kabla ya daktari kumkataza, mambo ya bendi yalikuwa ya kaka yake, na yeye aliyapokea kama mashuka yanavyoletwa mlangoni.

Mama alivuta kisikilizi kimoja, kisha cha pili, vikaning'inia shingoni. Aliweka glasi juu ya kreti. Hakupandisha sauti, ilikuwa ndogo, safi, ya kufika kwetu sisi tuliokuwa chumbani na isivuke mlango.

"Kaka," akasema, "uliamua nikiwa sina sauti. Sasa ninayo. Sitaki kuagwa. Hawa walioagwa leo wamestaafu kwa kutaka, mimi sijataka. Huyu binti nampokea, akae kando yangu, nitamfundisha kila wimbo ninaoujua. Lakini ile maikrofoni ni yangu. Nataka kuimba, kaka. Nataka kuimba leo, nataka kuimba wiki ijayo, na siku nikiacha nitakuwa nimeacha mimi."